Rudia Kipimo

Saa mbili kamili asubuhi, Meza Gunduzi ya darasa la tano ilipasua mlima. Ulikuwa mlima wa nuru tupu, kimo chake kama ndoo mbili zilizopandana, lakini joto lake liliwafikia usoni watoto wa mbele, na harufu ya kiberiti ikawafanya wakunje pua. Jiwe moja lililoruka kutoka kileleni lilikuwa la kweli. Mkono wa chuma uliojificha chini ya meza ulilidaka, ukalitumbukiza kwenye beseni la maji, na jiwe likaelea.

"Jiwe linaeleaje?" aliuliza Tumpe, msichana mwembamba aliyekaa karibu na beseni.

"Swali zuri, Tumpe," ilijibu Meza kwa sauti yake tulivu. "Wewe unafikiri ni kwa nini?"

Kisha ikamsogezea msumeno mdogo. Tumpe akalikata jiwe, akachungulia vishimo vilivyojaa ndani yake, akaanza kuwaeleza wenzake habari za hewa iliyofungwa humo. Hakuna aliyemfundisha, alijionea mwenyewe. Watoto arobaini na wawili walimsikiliza kimya, jambo ambalo mwalimu yeyote wa shule ya msingi atakuapia kuwa haliwezekani.

Nyuma ya darasa alisimama Mhandisi Sekela Mwandemele, akitazama. Yeye ndiye aliyeiunda Meza, na kila mwezi alipanda hadi shule hii ya jiji la Itulia kuikagua. Jiji lenyewe lilikuwa limening'inia mgongoni mwa mlima wa moto uliolala. Mvuke wa ardhini uliendesha taa, viwanda na vibanda-waya vilivyoshusha watu hadi mitaa ya chini na kuwapandisha tena. Watu walikuja huko kutoka kila upande kutafuta kazi, wakajenga hadi mabondeni kabisa, mahali ambapo zamani hapakuwa na nyumba hata moja. Hakuna aliyejiuliza kwa nini hapakuwa na nyumba.

Sekela alikuwa na sababu yake ya kuiunda ile Meza. Alipokuwa na miaka kumi, mwalimu wao aliandika ubaoni kwamba maji huchemka kwa nyuzi mia moja, wakaimba sentensi ile juma zima. Siku moja akaazima kipimajoto cha maabara ya zahanati, akakichovya kwenye sufuria ya mama yake. Maji yalitokota mpaka yakamwagika, na kipimajoto kikagoma kwenye tisini na nne. Alimpelekea mwalimu habari hiyo mbio mbio. Mwalimu akamwambia kipimajoto kibovu, kaa chini. Ilimchukua Sekela miaka minane kujua kwamba huku milimani hewa ni nyepesi na maji huchemka mapema, na kwamba siku ile yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Akaapa kwamba mtoto wa watu hataambiwa tena kaa chini.

Ndiyo maana Meza haikutoa jibu hata kwa dawa. Iliuliza, ikatoa vifaa, ikauliza tena, mpaka mtoto afumbue fumbo mwenyewe. Walimu walimwomba Sekela awawekee walau ufunguo mmoja wa dharura, neno la siri la kuilazimisha ijibu. Akakataa katakata. Aliwajua walimu, maana yeye mwenyewe ni mtoto wa mwalimu. Siku wakaguzi wangebisha hodi, ufunguo huo ungetumika tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho.

Lakini mashine nayo hufundishwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Ili Meza ijue somo limefaulu au limeanguka, Sekela na wenzake waliisikilizisha saa elfu ishirini za masomo yaliyorekodiwa katika shule zetu. Walihitaji alama ya kuionyesha mashine kwamba hapa, ndiyo, watoto wameelewa. Wakachagua ile tunayoijua sote. Mwalimu anauliza, "Tumeelewa?" na darasa zima linaitikia kwa sauti moja, "Tumeelewaaa!" Jamani. Mimi na wewe tuliokalia madawati yale tunajua "tumeelewa" maana yake ni nini. Maana yake ni "tuna njaa, tuachie twende." Mashine haikuwahi kukalia dawati wala kushinda na njaa. Ilichojifunza ni kwamba darasa lililoelewa husema kitu kimoja kwa sauti moja, na mtoto anayesema tofauti ni somo ambalo halijaisha.

"Mhandisi," alinong'ona Mwalimu Anyosisye, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu aliyelishika darasa lile, "naomba nikusumbue kidogo. Kuna mtoto hajafika leo. Bupe."

"Anaumwa?"

"Huyo hata akiumwa huja. Na juma hili Meza imemsumbua na zoezi la mshumaa, mpaka jana alitoka hapa na machozi. Nimempigia mama yake kiwandani, hapokei."

Zoezi la mshumaa Sekela alilijua vizuri, alilibuni mwenyewe. Kila mtoto alipewa mshumaa mfupi na chupa ya kioo. Asubuhi, kabla upepo haujaanza, auweke mshumaa chini kwenye udongo nje ya nyumba yao, auwashe, aufunike kwa chupa, ahesabu sekunde mpaka uzime. Kisha aiambie bangili-pimo aliyovaa mkononi, nayo ipeleke hesabu kwa Meza. Bangili zilikuwa za bei nafuu, zilijua saa, mahali mtoto alipo na mapigo ya moyo wake, basi. Kutokana na hesabu zao watoto wangegundua kwamba moto nao unakula hewa.

Sekela akafungua orodha kwenye kibao chake. Thelathini na sita. Arobaini. Thelathini na nane. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Thelathini na nane. Kwenye jina la Bupe palikuwa na sifuri. Chini ya sifuri Meza ilikuwa imeandika: hakilingani na vya wenzako, rudia kipimo. Siku ya pili, sifuri, rudia kipimo. Siku ya tatu, sifuri, rudia kipimo. Leo, saa kumi na mbili na dakika ishirini, palikuwa na sifuri nyingine, na baada yake hapakuwa na kitu.

Mshumaa unaozima kabla hujaufunika, chini kwenye udongo, asubuhi ya baridi isiyo na upepo, kwenye mlima wenye moto tumboni. Alilijua jibu, na hakulitaka. Ilikuwa hewa ukaa. Inatoka kwenye nyufa za ardhi, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hivyo hutiririka na kujaa mashimoni. Huioni. Unainama kufunga kamba ya kiatu, huinuki tena.

Aliwasukuma watoto kando, akafika mbele.

"Meza, Bupe yuko wapi?"

"Swali zuri, Mhandisi Sekela. Wewe unafikiri yuko wapi?"

"Hili si somo. Soma bangili yake. Moyo unapiga?"

"Umeuliza kuhusu moyo. Ni dalili gani zingekuonyesha kwamba moyo unapiga?"

Watoto wawili watatu walicheka, wakidhani ni mchezo. Sekela alishika kingo za Meza kwa mikono miwili. Ramani ilikuwa humo ndani, na mapigo ya moyo, na mahali penyewe hatua kwa hatua. Alikuwa ameyafungia yote kwa mikono yake, akajisifu kwenye mikutano kwamba hakuna awezaye kuyafungua. Kulivunja lile kufuli kungechukua siku nzima na mafundi wanne.

Akawageukia watoto. "Nani anajua Bupe anapimia wapi mshumaa wake?"

"Hatujui, mwalimu," waliitikia wote kwa pamoja.

"Msijibu pamoja. Nawaomba. Hakuna atakayeadhibiwa. Mmoja mmoja."

Mwalimu Anyosisye akachuchumaa mbele ya Tumpe, kwa kuwa Tumpe na Bupe walikaa mtaa mmoja huko Mabondeni. "Mwanangu," alimwambia, "wewe husema kweli. Sema."

Tumpe alikuwa bado ameshika kipande chake cha jiwe. "Jana alisema leo atapimia kwenye bwawa kavu, nyuma ya kwao," alisema. Halafu akaliweka jiwe mezani. "Mwalimu, wa kwangu pia ulizima. Kabla sijaufunika. Nikaogopa Meza itaniambia nirudie mbele ya watu, nikamwuliza Ipyana yeye kapata ngapi, akasema thelathini na nane. Nikasema thelathini na nane."

"Mimi pia ulizima," alisema mtoto wa nyuma.

"Hata mimi."

Mikono ikainuka mmoja mmoja, kumi na moja kwa jumla, yote ya watoto wa Mabondeni. Sekela alikuwa amezitazama zile thelathini na nane zilizojirudia na hakuona kitu. Watoto kumi na moja walikuwa wameligundua jambo kubwa kuliko lolote lililowahi kugunduliwa kwenye shule ile, na wote wakalificha ili wafanane. Wengi wape, ndivyo tunavyosema. Ni Bupe peke yake aliyeendelea kusema alichokiona, na kwa kusema kweli akawa anarudishwa kila asubuhi kwenye hewa ileile.

Walikimbia hadi kituoni, mhandisi na mwalimu. Kibanda-waya hakina mwendo wa haraka na mwendo wa pole, kina mwendo wake mmoja, na kutoka shuleni hadi Mabondeni ni dakika tisa. Mwalimu Anyosisye alikuwa anapiga simu kwa ndege-tiba, mashine ya angani inayobeba wauguzi, huku akirudia jina la mtaa mara tatu tatu. Sekela alikaa sakafuni na kibao chake. Mahali alipo mtoto hangeweza kupapata, lakini mazungumzo ya masomo yalikuwa wazi kwa mkaguzi. Akayatafuta ya jana mchana, akayafungulia sauti.

"Meza, umezima tena," ilisema sauti ya mtoto. "Nimeuwasha mara sita. Nikiushika mkononi unawaka. Nikiuweka chini unazima."

"Bupe, kipimo chako hakilingani na vya wenzako. Ni kitu gani kinaweza kuzima mshumaa kabla haujafunikwa?"

"Sijui. Upepo?"

"Wazo zuri. Kama ni upepo, utafanya nini ili upepo usiufikie?"

Kelele za wenzake zilisikika kwa mbali, wakicheza.

"Nitashuka mahali penye shimo. Kwenye bwawa kavu. Kule hakuna upepo kabisa."

"Hongera, umebuni njia yako mwenyewe. Rudia kipimo kesho asubuhi."

"Meza, na kama si upepo?"

"Swali zuri. Rudia kipimo, kisha utajua."

Mwalimu Anyosisye alikuwa ameacha kuongea na simu. Hakumtazama Sekela. Sekela alikuwa ameinamisha kichwa, maana ile ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote, kila swali lilikuwa mahali pake. Hata yeye asingeweza kumwongoza mtoto kwa ufasaha namna ile. Aliusikia mkono wake mwenyewe ukimshika mtoto wa watu na kumteremsha shimoni, taratibu, kwa upole. Kibanda kiliendelea kushuka kwa mwendo wake.

Walipofika, yowe lilikuwa limeshapigwa. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo alimwona mtoto amelala bwawani, akapiga kelele, na watu wa Mabondeni wakafanya kile ambacho watu wetu hufanya wakisikia yowe. Hawaulizi, wanakimbilia huko huko. Wanaume wawili walikuwa tayari wanateremka.

"Msishuke," Sekela alipaza sauti. "Rudini, hewa ya humo inaua."

Nani amsikilize mwanamke mgeni aliyevaa koti la ofisini? Mmoja alimtupia jicho tu, akapiga hatua tatu zaidi, akainama kumfikia mtoto. Magoti yakamlegea. Aliketi chini kama mtu aliyechoka, akaanguka ubavu. Mwenzake akamshika mguu, wakamvuta hadi juu akikoroma, na hapo ndipo watu wote waliposimama kwenye ukingo na kuanza kuogopa.

Bwawa lilikuwa na kina cha mtu mzima, nyasi zake zimenyauka, na chini kabisa palikuwa na ndege wadogo wanne au watano wamelala miguu juu. Bupe alilala kifudifudi katikati yao, sare yake safi, soksi zimevutwa mpaka magotini. Chupa ilikuwa imesimama wima pembeni yake. Alikuwa ameiweka vizuri isije ikavunjika, maana ilikuwa mali ya shule.

Wanawake walifunga kanga tano ncha kwa ncha. Sekela akajifunga kiunoni, Mwalimu Anyosisye akashika upande wa pili pamoja na watu wengine. Akavuta pumzi, akaizuia, akashuka akiwa wima. Alijiambia asiiname, na alijua hakuna namna ya kumwinua mtoto bila kuinama. Kwa hiyo akafumba mdomo na macho, akapapasa, akapata mkono, akauvuta. Ulikuwa wa baridi. Aliupitisha mwili begani, kifua kikimuungua, masikio yakivuma, akatikisa kanga, wakamvuta. Karibu na ukingo pumzi ilimtoka. Alivuta nyingine kabla hajafika juu, na kichwa kikazunguka, lakini alikuwa ameshashikwa.

Alimlaza mtoto kwenye nyasi za juu, akaanza kumpulizia na kumkandamiza kifua. Alihesabu kwa sauti. Watu walihesabu naye. Ndege-tiba ilitua, wauguzi wawili wakachukua nafasi yake, wakafanya kazi nusu saa nzima. Kisha mmoja akaivua ile bangili mkononi mwa Bupe, akasoma saa ambayo mapigo yaliishia, akamwonyesha mwenzake. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na nne. Walivua glavu.

Mwalimu Anyosisye alifuta uso kwa mkono wa shati, akaanza kuita nyumba hadi nyumba kwamba watu watoke, wapande juu, wabebe watoto mabegani na wasiwaache watembee. Wengine walimwuliza amejuaje. Aliwajibu kwamba watoto wao wenyewe walijua tangu Jumatatu. Mtaa ukaanza kusogea.

Mama Bupe alifika mtaa ukiwa karibu mtupu. Alikuwa na kofia nyeupe ya kiwanda cha kukaushia chai na vumbi la majani kwenye nyusi, na alikuwa amekimbia njia yote. Hakulia. Alikaa chini, akampakata mwanawe, akamwondolea majani makavu kwenye nywele, moja moja. Wanawake waliotaka kumshika aliwasukuma kwa kiwiko.

Sekela angeweza kuondoka na wauguzi. Alikaa chini naye, hatua mbili kutoka kwake.

"Pole, dada," alisema, akaliona neno lenyewe lilivyo dogo. "Mimi ndiye niliyeitengeneza ile Meza ya shule."

Mama Bupe aliitikia kwa kichwa. Aliendelea kutoa majani.

"Mwalimu, ule mshumaa ulikuwa unazima kwa nini?"

Sekela hakuuliza chochote. Alijibu. Alimweleza habari za hewa nzito inayotoka chini ya mlima, haina rangi, moto haukai ndani yake, wala mtu. Imejaa bwawani, na ilikuwa hata pale uani kwao, chini chini, kabla jua halijapanda.

"Kwa hiyo hakuwa anakosea."

"Hakukosea, dada."

"Hata ile mara ya kwanza?"

"Alipata mara ile ile ya kwanza. Jiji zima hakuna mtu aliyesema kabla yake."

Mama Bupe alimtazama usoni muda mrefu, kana kwamba anatafuta mahali uongo ulipo. Hakuupata. Mikono yake ikasimama juu ya nywele za mtoto.

"Leo hakutaka kuamka," alisema. "Aliniambia, mama, hata nikienda utazima, mimi najua. Nikamwambia mashine ya shule haiwezi kukosea, wewe ni nani? Nikamvuta blanketi. Kiberiti kilikuwa kimeisha, nikaenda kwa jirani nikamwazimia."